Mzee Shomari wa Mahameli

Mkiletewa picha ya mtu iliyochorwa kwenye mahameli nyeusi, vijana wangu, msianze kumtazama usoni. Wazee wa kwenye mahameli wana macho makali, ukikutana nayo kwanza unasahau kazi iliyokuleta. Igeuzeni picha muitazame mgongoni. Angalieni misumari imeota kutu kiasi gani, ubao umeliwa na wadudu gani, na pale kitambaa kilipokunjwa nyuma ya fremu, mahali jua halikuwahi kufika, weusi wake ukoje. Mahameli ya zamani ikipigwa jua miaka mingi hugeuka rangi ya chai ya mkandaa. Pale kwenye mkunjo hubaki nyeusi kama siku iliponunuliwa dukani. Linganisheni weusi huu na ule, mtajua umri wake. Kisha inuseni. Msione aibu. Mimi nimenusa picha za watu kuanzia Maili Moja hadi vijiji vya ndani kabisa vya Kisarawe, na wako waliodhani nina mafua yasiyopona.

Naitwa Mama Neema. Sasa nimestaafu, nafuga kuku hapa Kibaha, na kuku hao nawathamini kila asubuhi bila kuombwa na mtu. Kazi yangu ilikuwa kuthamini vitu vya nyumbani, hasa vya marehemu. Kwa familia za Kiislamu za Kisarawe, urithi una mafungu yake, na kila mtu anajua fungu lake. Shamba unaweza kulipima, mikorosho unaweza kuigawa. Lakini kabati la vyombo utalikata vipande vingapi? Hapo ndipo mthamini anapoitwa. Anakitajia kila kitu thamani yake, na mrithi anayekitaka anakichukua ndani ya fungu lake. Ukichukua kabati, unaacha mikorosho kadhaa. Ukitaka mikorosho yote, kabati linakwenda kwa dada yako.

Mtauliza kwa nini waniite mimi, mwanamke Mkristo niliyetoka huko Upareni. Waliniita kwa sababu hiyohiyo. Sina shangazi Kisarawe, sina mkwe, sina hata somo. Mtu wa kuja hana wa kumpendelea.

Kazi hii sikuisomea. Nilikuwa fundi cherehani. Siku moja niliibeba cherehani yangu mpaka mtaa wa Kwa Mathias, hapahapa Kibaha, kwa mzee mmoja aliyekuwa akinunua na kuthamini vitu vikuukuu, jina lake Mzee Kibwana. Nilitaka kuiuza. Akazungusha gurudumu, akanusa mafuta yake, akataja bei. Nikamwambia hajui cherehani. Akanitajia kasoro tatu. Nikamwonyesha kwamba mbili kati ya hizo si kasoro, nikamwonyesha na nyingine kubwa ambayo hakuiona kabisa, kasoro iliyoishusha zaidi bei yangu mwenyewe.

Mzee Kibwana akanirudishia cherehani. Akasema, "Mwanangu, mtu anayeshusha bei ya kitu chake ili tu ashinde ubishi, huyo ama ni kichaa ama ni mthamini. Njoo kesho saa mbili." Nikaenda kesho saa mbili. Cherehani ninayo mpaka leo.

Mzee huyo alikuwa na uso usiosema kitu. Hata akikutana na kitu cha kumtoa mtu roho kwa uzuri, hakusifu, hakushtuka. Aliomba maji ya kunywa, basi. Mimi ndiye niliyejua kwamba maji yale yalikuwa furaha yake. Mbele ya sanduku moja la mkangazi, huko Soga, aliomba maji mara tatu, mpaka mwenye nyumba akaninong'oneza akiuliza kama mzee ana kisukari.

Alinifundisha mengi nikayashika, ila hilo la uso lilinishinda. Mimi nikiona kitu cha kweli, nacheka. Si kicheko cha dharau. Kinaanzia tumboni, kinapanda, nakibana, kinatokea puani. Mwenye kitu akikisikia, bei inapanda palepale. Mzee Kibwana aliwahi kuniambia niume leso. Niliiuma, nikatoa sauti kama birika linalochemka, na ile saa ya ukutani tuliyokwenda kuithamini ikaondolewa mezani mbele yetu ikafichwa chumbani.

Sasa niwaambie habari za pasi, maana najua wapo watakaofanya nilivyofanya. Mama mmoja wa Maili Moja alileta picha ya marehemu shangazi yake. Ilikuwa imekunjwa ndani ya sanduku kwa miaka mingi, shangazi ana mkunjo kutoka sikio hadi sikio. Mzee Kibwana alikuwa ameenda msikitini. Akili yangu ya ufundi cherehani ikaniambia kitambaa chenye mkunjo dawa yake pasi. Nikachochea mkaa, nikapiga pasi.

Mkunjo ulitoka, siwezi kukataa. Lakini mahameli, vijana wangu, inaishi kwa vile vinyoya laini vilivyosimama juu yake. Mzee Kibwana aliviita malaika, kama malaika wa mkononi mwa mtoto. Ukivilaza kwa moto, kitambaa kinang'aa. Shangazi wa watu aling'aa shavu moja kama mtu aliyekuwa akikaanga maandazi tangu alfajiri. Mzee aliporudi aliitazama picha, akanitazama mimi, kisha akaomba maji, na siku hiyo hayakuwa ya furaha. Tulichemsha sufuria, nikaishika picha juu ya mvuke, mgongo wa kitambaa ukielekea chini, uso juu, mbali kiasi cha mkono mmoja. Halafu brashi laini ya kuchania nywele za mtoto mchanga, kinyume na ulalo wa malaika, taratibu, kutwa nzima. Walisimama karibu wote. Mwenye picha alipoifuata aliiangalia weee, akasema, "Shangazi amenenepa." Nilikimbilia nyuma ya banda kucheka. Mzee Kibwana alinikuta huko, naye akajiinamia kwenye ndoo ya maji akajifanya ananawa.

Wachoraji wenyewe walikuwa watu wa kuzunguka. Walikuja na baiskeli, nyuma wamefunga jora la mahameli. Na hapa kuna siri ambayo wateja wengi hawakuijua. Viwiliwili vilikuwa tayari. Mchoraji alikaa kwake akachora makoti kumi, tai kumi, mikono kumi yenye saa, akaacha nafasi juu ya shingo. Akifika kwako anakukalisha kigodani, anachora kichwa asubuhi moja, mchana yuko kwa jirani. Wanawake nao walikuwa na kiwiliwili chao, gauni la maua na mkufu wa duara tatu. Ndiyo maana kuna wakati, ndani ya juma moja, nilikutana na wanaume watatu wasiojuana, mmoja mvuvi wa Ruvu, mmoja fundi baiskeli, mmoja mwalimu wa madrasa, wote wamevaa koti moja, na saa zao zote zinasema saa nne na dakika kumi.

Ile ya fundi baiskeli ndiyo iliyonitoa machozi. Nilikuta watoto wake wamenuniana. Kisa ni saa ya kwenye picha. Kila mmoja alimshuku mwenzake kuificha. Wamepekua magodoro, wamepekua pochi ya bibi, wamefika hadi kumtuhumu aliyemwosha maiti. Na mkubwa wao alikuwa ameshaanza kuuliza koti lilikwenda wapi. Ilinibidi niwapeleke kwa miguu mpaka kwa familia ya mvuvi, niwaonyeshe baba yao amevaa kichwa cha mtu mwingine. Waliisoma saa ya mvuvi, saa nne na dakika kumi. Kisha yule mdogo akasema, "Kumbe mzee hakuwa na saa." Mkubwa akajibu, "Ndiyo maana alikuwa anachelewa kila mahali." Walirudi nyumbani wameshikana mabega.

Kwa hiyo tazameni shingo. Kama kichwa kimepakwa harakaharaka na koti limepakwa kwa raha, au mwanga wa usoni unatoka kushoto na wa kotini unatoka kulia, mjue ni kiwiliwili cha tayari. Ina thamani yake, lakini ya kawaida. Mchoraji mzuri wa mahameli hapotezi rangi. Nywele, matundu ya pua, kivuli cha kidevu, vyote anaviachia kitambaa. Anagusa paji la uso, mfupa wa shavu, mdomo wa chini, anaondoka. Siku hizi najua mnapiga picha kwa simu, mnairusha kwenye kundi, dakika tano mmetajiwa bei na watu wasiojua hata kama ni nguo au karatasi. Simu haina pua, na shingo inaiona kwa shida. Lakini sitaki kuwanunia, maana picha ya mwisho niliyoithamini ilianzia kwenye simu.

Aliyekuja nayo alikuwa Ramadhani, mtumishi wa ofisi moja hapa Kibaha, kijana mwenye adabu. Baba yake, Mzee Shomari, mkulima wa korosho wa Kurui, alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Akanionyesha kwenye simu picha ya baba yake ya mahameli. Kuna mtu alikuwa akipamba hoteli yake Dar kwa picha za namna hiyo, na alisema akiipenda atatoa hela nzuri. "Shikamoo mama," akaniambia, "nataka tu bei ya haki. Hela ikipatikana, mama ataezekewa bati upya. Nyumba inavuja, na yeye picha anaweza kuitazama hata kwenye simu yangu."

"Marahaba baba," nikamwambia. "Bei nitaisema nikiinusa."

Tulikwenda Kurui Alhamisi, mimi na yeye. Mama yake, Bi Tatu, alitupokea mlangoni. Mwanamke mfupi, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, khanga kaifunga kifuani, sauti ya chini. Dada wawili wa Ramadhani walikuwepo, na baba yao mdogo, mdogo wa marehemu, ndiye aliyesimamia urithi. Alinieleza utaratibu mbele ya wote. Siku ile nikague tu. Alhamisi inayofuata familia itakaa, mimi nitataja thamani, itaandikwa, na ikishaandikwa hakuna mjadala.

Picha ilikuwa sebuleni. Niliigeuza. Misumari ya zamani, ya kichwa kipana. Kwenye mkunjo weusi mzito. Nikanusa, nikapata moshi wa kibatari na korosho zilizochomwa. Ndipo nikaigeuza nimtazame mzee.

Kwanza shingo. Haikuwa na mpaka. Kichwa na mwili vilitoka mkono mmoja, siku zilezile, mwanga uleule wa dirisha. Na hakuvaa koti. Alivaa shati la shambani, kola imechakaa, na katika vifungo vyake vitano, cha nne kutoka juu kilikuwa cha rangi nyingine, chekundu, kikubwa kuliko wenzake. Hakuna mchoraji anayebuni kifungo kama kile. Mtu alikaa mbele ya mtu kwa siku nyingi akamwona kweli.

Nilihisi kile kicheko changu kinaanza. Nikakumbuka leso, nikakumbuka nimeiacha kwenye mkoba, nikaomba maji, nikanywa, na yale maji yakanitokea puani pamoja na kicheko. Nilicheka mpaka nikashika fremu ya mlango. Nilipojifuta machozi nikaona Ramadhani anatabasamu. Mtoto wa ofisi amenielewa. Alitoka nje palepale kumpigia mtu wa hoteli.

Bi Tatu hakutabasamu. Alinitazama mimi, akaitazama picha, akaenda jikoni.

Hapo ndipo nilipopaswa kuanza kufikiri. Bi Tatu, kama mjane mwenye watoto, fungu lake ni thumni, sehemu moja kati ya nane. Fungu hilo lilikuwa linatosha mikorosho iliyo nyuma ya nyumba, ile iliyo jirani, ambayo korosho zake angeweza kuziokota mwenyewe bila kulipa kibarua. Hiyo ndiyo ingemlisha. Sasa picha ile, kwa bei niliyoiona kwa macho yangu, na kila mtu akaisikia kwenye kicheko changu, ilikuwa inalingana na mikorosho yote hiyo. Akiitaka picha, aiache mikorosho. Achague mume au korosho. Na akichagua korosho, mume anakwenda hotelini.

Aliniletea mihogo ya nazi, tukakaa wawili barazani. Nikamuuliza habari ya kifungo.

"Kilitoka kwenye gauni langu," akasema. "Cha kwake kilidondoka shambani. Yule mchoraji alifikia hapa na homa, akalala kwetu siku nyingi, nikawa nampikia uji. Alipopata nguvu akasema hana cha kutupa, atamchora mzee. Nikamwambia, subiri basi abadilishe shati. Akakataa. Akasema hilohilo."

"Alikuwa fundi," nikasema.

"Mzee alinuna kutwa. Alitaka koti kama la watu wengine." Akanipakulia tena. "Sasa mwanangu, picha kama ile, inaharibika kwa nini?"

Vijana wangu, mdomo wangu hauna breki, na ukinipa mihogo ya nazi ndiyo kabisa. Nilimweleza yote. Nikamwambia jua, nikamwambia nondo. Nikamsimulia habari ya pasi na shangazi aliyenenepa, akacheka kwa adabu. Nikamwambia maji ni mabaya, lakini mafuta ndiyo maangamizi, maana yanawalaza malaika, yanafubaza rangi, mnunuzi akiona mafuta anageuza gari.

"Mafuta gani? Ya taa?"

"Yoyote, bibi. Hata ya nazi."

"Haa," akasema Bi Tatu. "Kula, mwanangu, mihogo inapoa."

Nikala. Tena niliondoka nimefungiwa mingine kwenye jani la mgomba.

Juma lile sikulala vizuri. Nilikuwa namwona mwanamke yule na kifungo chake chekundu. Niliwaza kushusha bei. Nani angejua? Lakini Mzee Kibwana, Mungu amrehemu, alinifundisha kwamba mthamini akidanganya mara moja kwa huruma, ya pili atadanganya kwa hongo, na hatajua ni lini alivuka. Sikuwahi kutaja bei ya uongo maishani mwangu, na nilikuwa nimebakiza kazi ile moja nistaafu. Nilipanda gari kwenda Kurui nimeamua kusema kweli.

Tulikaa sebuleni. Picha ilikuwa ukutani, imefunikwa khanga. Baba yao mdogo alisoma dua fupi, akafungua daftari, akasema, "Mama Neema, kazi yako." Mmoja wa mabinti akaivuta khanga.

Mzee Shomari aliwaka. Sina neno lingine. Paji la uso linameremeta, mashavu yanameremeta, pua ina nukta ya mwanga ambayo mchoraji hakuiweka. Mafuta yalikuwa yamemshuka kidevuni hadi kwenye kola, na tone moja lilikuwa njiani kuelekea kwenye kifungo. Chumba kizima kilinukia nazi mbichi.

Nilijua mafuta yale yalitoka mdomoni mwangu. Papo hapo kicheko kikaanza, nikakikandamiza kwa mikono miwili kama mtu mwenye tumbo la kuendesha.

"Mama," Ramadhani akasema polepole, "hii nini?"

"Baba yako alikuwa amepauka," akajibu Bi Tatu.

"Mama, hiyo ni picha."

"Picha ya nani?"

Baba yao mdogo akainamisha kichwa juu ya daftari, mabega yanamtikisika. Mimi niliinuka nikafanya kazi yangu. Niliishusha picha, nikaigeuza, nikainusa ingawa haikuhitaji pua, nikawapapasa malaika kwa mgongo wa kidole. Walikuwa wamelala wote usoni. Mthamini anathamini kilicho mbele yake siku ya kuthamini, hiyo ndiyo sheria, nami nikataja nilichokiona. Fremu nzuri, kitambaa kizuri, uso umeingia mafuta. Thamani yake kuku wawili wa kienyeji, na mmoja asiwe mkubwa.

"Andika," akasema baba yao mdogo, akijiamuru mwenyewe, kalamu mkononi.

"Subiri, baba mdogo." Ramadhani alinigeukia. Hakupaza sauti, na ndivyo ilivyoniuma. "Mama Neema, Alhamisi iliyopita ilikuwa bei gani?"

Ningeweza kusema sikuandika, kwa hiyo hakukuwa na bei. Lingekuwa jibu la kweli la mtu mwongo. Nikamwambia, "Ilikuwa sawa na mikorosho yote ya nyuma ya nyumba, baba."

"Na mama alijuaje kuhusu mafuta?"

"Nilimwambia mimi. Nilikuwa nakula."

Mmoja wa mabinti akajificha uso kwenye mtandio. Ramadhani hakucheka. Akauliza swali nililokuwa naliogopa kuliko yote. "Yanatoka?"

Bi Tatu akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Hakuniomba kitu, alikuwa tu ananingoja, kama alivyomngoja mchoraji apone. Niliona aibu, niliona huruma, na nilijua kwamba nikifumba mdomo sasa, mdomo ambao haujawahi kujifumba palipohitajika, kazi yangu yote itakuwa bure.

"Yakiwa mabichi hivi, yanatoka," nikasema. "Si yote, lakini mengi. Unga wa muhogo mkavu, unamfunika uso mzima, siku mbili, unapangusa kwa brashi laini. Bei itarudi, si yote, lakini ya kutosha mtu wa hoteli asigeuze gari."

"Unga upo jikoni," Bi Tatu akasema. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayemwelekeza mgeni. Kisha akaongeza, "Mimi bati sizitaki, Ramadhani. Nyumba hii imevuja tangu hujazaliwa, tunajua pa kuweka sufuria. Baba yako hajawahi kulala nje ya Kurui ila ile safari ya hospitali. Sasa akakae huko na walevi, nani atamjua jina?"

Ramadhani aliinuka akaenda jikoni. Tulisikia mfuniko wa debe la unga ukifunguliwa. Nilitaka ardhi inimeze, mimi na mihogo yangu yote niliyoila. Dada yake mkubwa alianza kulia bila sauti. Baba yao mdogo aliishikilia kalamu juu ya daftari, haandiki, haiweki chini.

Kisha tukasikia mfuniko ukirudishwa.

Ramadhani alirudi mikono mitupu. Akaichukua picha pale nilipoiegemeza, akaitundika kwenye msumari wake, akairekebisha mpaka ikanyooka. Alisimama mbele yake karibu kabisa, uso kwa uso, na mwanga wa mlangoni ukawaangukia wote wawili, nikaona ni paji lilelile. Alilitazama shati. Akalifuta lile tone kwa kidole kabla halijafika kwenye kifungo chekundu. Akainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande wa pili, kama mtu anayekagua.

"Mama," akasema, "masikioni hujampaka."

Bi Tatu akafungua pindo la khanga yake, akatoa kichupa cha mafuta, akampa mwanawe.